Siku niliyokwenda kumchagulia Baba bunduki

Jumamosi, mwezi wa saba. Milanzi. Jua kali, baridi kali, na upepo usiojua kunyamaza.

Wanaoijua Sumbawanga ya miezi hii wanaelewa. Jua unaliona pale juu linawaka, lakini joto lake halikufikii. Nimetoka kuanua nepi za Tekla sasa hivi, zimekauka mpaka zinasimama zenyewe. Saa kumi na moja jioni. Maharage yako jikoni, Sesi yuko uani anamchapa mdoli wake kwa kosa ambalo hajaniambia, na Tekla yuko mgongoni kwangu, amelala. Naandika kwa kidole gumba kimoja, nimesimama, kwa sababu nikikaa ataamka.

Nimechoka. Mtoto ana miezi mitatu na sijawahi kulala saa tatu mfululizo tangu aje. Lakini uchovu wa leo sio huo.

Leo nimekwenda kumchagulia Baba bunduki.

Najua inavyosikika. Ila kwetu anayejua bunduki ni mimi. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa yale ambayo mtu anayakalia kimya, nilijiunga na mafunzo ya mgambo. Miezi ya kukimbia na kupigiwa kelele, kisha siku moja tu ya shabaha, risasi chache za kuhesabu kwa vidole. Mkufunzi aliitazama karatasi yangu, akaigeuza, akaitazama tena, akauliza, "Hii ya nani?" Tangu siku hiyo Baba anaamini hakuna chuma chenye mtutu nisichokijua. Hata pampu ya kupulizia dawa ikiziba ananipigia simu.

Baba yuko kijijini Msanzi, analima mahindi na ulezi. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee aliyebaki huku karibu. Ananiita mama, kwa sababu nina jina la mama yake mzazi. Zamani alikuwa na gobole lenye karatasi zake halali. Mtutu ulipopasuka, Sesi akiwa bado mchanga, akalirudisha polisi, na kwa muda mrefu hakusema habari za bunduki tena.

Mpaka Tekla alipozaliwa.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Nilipomzaa Sesi, miaka minne iliyopita, sikuwa na mama wa kunikanda wala wa kunipikia. Mama mkwe alikuwa mgonjwa. Basi siku ya tatu Baba akashuka kwenye gari la asubuhi akiwa na kanga wawili wa porini ndani ya gunia, akaomba sufuria, akakaa uani kwetu hapa Milanzi akawanyonyoa mwenyewe. Mwanaume mzima, koti limevuliwa, manyoya yenye madoa yamejaa kwenye ndevu. Majirani walikuja kuchungulia wakidai wanaomba chumvi. Wamama wawili walimcheka waziwazi, wakamwambia mzee hii kazi ina wenyewe. Akawajibu, "Mwenyewe amelala makaburini, mimi nashika zamu yake." Hawakucheka tena. Mmoja alileta kuni.

Alinichemshia supu ile, akanishikia kikombe. Alikuja hivyo mara tatu.

Mwaka huu, Tekla alipozaliwa, alikuja na kuku wa kisasa ndani ya mfuko. Ameshanyonyolewa, mweupe, miguu imekatwa. Aliuweka mfuko mezani kama mtu anayeweka kitu alichookota. Akasema, "Nisamehe mama, mwaka huu porini kumekauka."

Nilijua porini hakujakauka. Shangazi, anayelima jirani naye, alikuwa ameshanipigia simu akilalamika kwamba kanga wamemmalizia kunde zake.

Hiyo ndiyo sababu ya bunduki ya Baba. Haihusu nyama. Wiki moja baadaye alinipigia, akaniambia anataka bunduki ndogo imara, yenye darubini juu, ya kanga na kwale na sungura basi, na kwamba mimi ndiye nitakayeichagua. Fomu za kuomba kumiliki alishazichukua. Serikali ya kijiji imemjua tangu utoto, haina tatizo naye. Zilizobaki nizijaze mimi, mwandiko wangu mzuri.

Darubini. Hilo neno alilirudia mara tatu kwenye simu moja.

Na mimi nilielewa. Hapa ndipo penye kuniuma. Nilielewa palepale, kwa sababu nilishaona. Siku ile ya kuku wa kisasa alimimina chai ikapita pembeni ya kikombe, akajifanya anacheka kwamba meza yangu imepinda. Alipotoka alimsalimia mtu aliyesimama getini, na getini hapakuwa na mtu, palikuwa na koti la mume wangu limeanikwa. Niliona yote. Nikaanika nepi.

Nilikubali kwenda kuchagua bunduki ili nisilazimike kutamka neno jicho.

Basi leo asubuhi nikamwacha Sesi kwa jirani, nikamfunga Tekla mgongoni, nikaenda. Tulikutana na Baba nje kidogo ya mji, njia ya Matai, kwa mzee mmoja ambaye watu wanamwita Bwana Nyama. Kazi ya wanyamapori alishastaafu, jina limebaki. Ana bunduki ndogo mbili anazimiliki kihalali, na kwa kuwa magoti hayamruhusu tena kutembea porini anataka kubaki na moja. Atakayepata kibali cha polisi ndiye atakayeichukua. Leo ilikuwa ni kuangalia na kujaribu tu, shambani kwake, na mwenyekiti wa kitongoji alishaambiwa ili watu wasishtuke wakisikia mlio.

Bwana Nyama ni mzee wa maneno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mgambo. Huyo mgongoni ni kuruta?"

"Ni kuruta, mzee. Ana miezi mitatu."

"Analia akiamshwa?"

"Kuruta gani asiyelia akiamshwa?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. Baba naye akacheka, akasimama wima, akavuta koti lake. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Kwenda kuangalia bunduki.

Bunduki zilikuwa zimelazwa juu ya gunia safi, bolti, vile vyuma vya kufungia risasi, zimechomolewa, zikikuonyesha wazi kwamba hazina kitu ndani. Hiyo ilinipendeza. Zote mbili zinatumia risasi ileile nyembamba, ile wanayoiita pointi ishirini na mbili, nyembamba kama penseli. Kwa wanyama wadogo hiyo inatosha kabisa. Kubwa zaidi ya hapo, kanga anabaki manyoya tu, na ile bunduki ya kumwaga gololi, shotigani, inakuachia vyuma ndani ya nyama mpaka uvunje jino.

Moja ilikuwa ya zamani, ya mbao, ya kuvuta bolti kwa mkono kila risasi. Juu yake darubini ndogo nyembamba, inavuta mara nne tu, haibadiliki. Ya pili ilikuwa mpya mpya, kitako cha plastiki nyeusi, inajipakia yenyewe. Darubini yake kubwa, nene, ina vidude vya kuzungusha kila upande, inavuta mpaka mara kumi na mbili.

Nilianza na ya mbao. Nikaielekeza juu kwenye weupe wa anga nikachungulia ndani ya mtutu kwa nyuma. Ile mistari inayozunguka ndani iko yote, inang'aa, hakuna kutu, hakuna vishimo. Nikapapasa mdomo wa mtutu kwa kidole, kwa sababu ukiwa umemegeka hata kidogo risasi inatoka inayumba. Uko sawa. Nikaangalia pale kitako kinapokutana na chuma, ndipo mbao hupasuka bunduki ikianguka. Hakuna ufa. Ile darubini yake ilikuwa imevalishwa mbele kipande cha mpira mweusi wa ndani wa tairi la baiskeli, Bwana Nyama ndivyo anavyozuia vumbi. Nikauvua nikautia mfukoni. Nikapulizia kioo pumzi ya moto. Ukungu ukaja, ukaondoka. Ungebaki, maana yake unyevu umeingia ndani, na kwa baridi yetu ya asubuhi hiyo darubini ingekuwa kipofu kila siku mpaka saa nne. Nikaishika nikaitikisa. Skrubu hazikulia.

"Hii, Baba," nikasema. "Ina vitu vichache vya kuharibika. Mvua ikiinyeshea unaifuta, unaipaka mafuta, basi. Hiyo nyingine ikiingia mchanga utamtafuta fundi mpaka Mbeya."

Baba hata hakugeuka. Alikuwa ameshaishika ile nyeusi.

"Hii inavuta mara ngapi, bwana mkubwa?"

"Mara kumi na mbili," Bwana Nyama akajibu.

"Na ile ya mbao?"

"Nne."

"Mama, kumi na mbili na nne, zipi nyingi?"

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, kwa upole, kama nilivyofundishwa. Kwamba kanga hasimami akakusubiri. Kwamba darubini ikivuta sana unaona kipande kidogo tu cha dunia, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na mkono ukitetemeka kidogo lile tundu linaruka huku na huku. Ile ya mara nne unamwona kanga na mwenzake na kichaka nyuma yao. Na inapitisha mwanga vizuri jioni.

"Mimi mkono hautetemeki," akasema.

Ni kweli, hautetemeki. Mkono wa Baba ni jiwe.

Bwana Nyama akaniambia nikapange magunzi matano. Mwisho wa shamba lake kuna kichuguu kikubwa, risasi ikikosa inaingia kwenye udongo, haiendi kwa mtu. Hatua hamsini. Niliyabeba nikayasimamisha ubavuni mwa kichuguu, na upepo huu moja la kushoto likawa linaegemea, nikapiga kelele, "Hili la kushoto halitaki kusimama!" Nikalikandika udongo, nikarudi.

Nilipofika Baba alishakaa chini, viwiko juu ya magoti, mkao wake wa siku zote. Bunduki ile nyeusi begani, tupu, risasi zote zilikuwa kwenye mfuko wa Bwana Nyama. Jicho la kulia kwenye kioo. Kwa kweli alipendeza. Nilimwona kama nilivyokuwa namwona nikiwa na miaka saba.

"Haya mzee," Bwana Nyama akamuuliza, "magunzi mangapi?"

"Matano."

"Unayaona vizuri?"

"Eee, vizuri kabisa. Yanang'aa. Lile la kushoto limeinama kidogo."

Nikatazama mbele ya darubini.

Mpira wa baiskeli ulikuwa bado umevaa.

Mweusi tii, umebana kioo chote. Ile ya mbao niliuvua mwenyewe, lakini hii nyeusi nilikuwa bado sijaifikia. Baba alikuwa anatazama giza, anahesabu magunzi.

Sijui nilisimama pale muda gani. Bwana Nyama naye aliuona, nilimwona akiuona. Mdomo ulifunguka, ni mzee wa maneno, nikajua sasa hivi anatoa utani wake. Nikamtazama. Sikumtazama kwa adabu, naomba Mungu anisamehe, nilimtazama kama ninavyomtazama Sesi akinyoosha mkono kwenye moto. Mzee akaufunga mdomo. Akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwepo.

Nikachuchumaa mbele ya Baba. Nikasema, "Baba, subiri kidogo nikufutie kioo, kina vumbi."

Nikauvua ule mpira polepole. Ulikuwa umebana. Ulitoa mlio, pwaa, kama wa chupa ya chai ikifunguliwa. Nikaifuta darubini kwa pindo la khanga ingawa haikuwa na vumbi lolote, nikarudi nyuma yake.

Baba aliendelea kutazama. Sasa mwanga ulikuwa unaingia. Hakusema chochote kuhusu magunzi. Alitazama, akatazama. Kisha akaishusha bunduki magotini taratibu.

"Piga wewe, mama," akasema. "Baridi imenikaza vidole."

Akanyoosha mikono nimpe Tekla.

Bwana Nyama, naona alitaka kutuokoa wote, akapaza sauti ya gwaride: "Mgambo! Lala chini!"

"Siwezi kulala chini, mzee."

"Kwa nini?"

"Maziwa yamejaa."

Maskini mzee wa watu. Aliigeukia miti yake ya mikaratusi akaitazama kama vile ilikuwa ndiyo mara ya kwanza anaiona. Nikakaa mkao wa Baba, viwiko juu ya magoti. Nilichukua ile ya mbao. Nikapewa risasi tatu. Mlio wake sio mkubwa, ni kama mtu anayevunja kijiti kikavu, lakini Tekla alishtuka akalia, na alipolia tu maziwa yakatoka yenyewe, gauni likalowa mbele lote, na upepo ule. Nikapiga hivyo hivyo. Gunzi la katikati lilishaanguka kwa risasi ya kwanza, nikapiga pale pale lilipokuwa, udongo ukaruka mara mbili. Tulipokwenda kuangalia, yale matundu mawili ya kwenye kichuguu yangefunikwa na kizibo kimoja cha soda.

"Hii bunduki haina neno," nikasema.

Bwana Nyama akaniambia ataiweka. Hakuniuliza aiweke mpaka lini wala aiweke kwa jina la nani. Ameishi, yule mzee.

Tulitembea mpaka barabarani kusubiri magari, mimi na Baba. Nilikaa kwenye jiwe nikamnyonyesha Tekla, na aliposhiba Baba akamchukua tena, akamwingiza ndani ya koti la kanisani akafunga vifungo, kikabaki kichwa tu. Magari hayakuja haraka.

"Ule mpira," akasema. "Ulikuwa umevaa muda wote?"

"Muda wote, Baba."

"Na yeye aliona?"

"Aliona."

Akacheka kwa puani. "Mimi nikadhani nimekufa jicho kabisa. Nilipoweka jicho pale pakawa giza, nikasema basi, leo ndiyo leo, limezimika mbele za watu." Kisha kicheko kikaisha. "Ulipouvua nikashukuru. Nikaona weupe."

"Magunzi je?"

"Weupe tu, mama."

Aliniambia yote hapo. Kwamba limeanza la kulia, msimu wa kupanda wa mwaka juzi. Kwamba sasa na la kushoto limeanza kulifuata. Ni kama mtu amemfungia chandarua usoni halafu kila mwezi anaongeza chandarua kingine. Kanga anawasikia. Anawasikia vizuri sana, anajua wako wangapi, anajua wamegeukia wapi. Hawaoni. Alifikiri darubini ikivuta sana itapasua ule ukungu.

Nilitaka kulia nikaona nikilia tutakuwa tumemaliza. Kwa hiyo nikasema.

"Baba, zile fomu sitazijaza."

Akanigeukia: "Unanikatalia mimi?"

"Nakukatalia wewe, Baba."

Sijawahi kumwambia Baba hivyo katika maisha yangu. Nikamwambia kwamba likizo Sesi anakuja kwake, na Sesi ana sweta la kijivu, na anapenda kuchuchumaa kwenye ulezi akijificha. Kanga na mtoto mwenye sweta la kijivu, kwa mtu mwenye chandarua usoni, wana tofauti gani? Nilisema mara moja tu. Sikurudia. Nikaona mkono wake ukipanda ukaja ukashika kichwa cha Tekla, ukabaki hapo.

Magari mawili yakapita yamejaa.

"Sasa nani atakuletea nyama ya uzazi?" akaniuliza. Kwa sauti ndogo. Sio sauti ya kunigombeza. Alikuwa anauliza kweli.

"Uzazi nimeshatoka, Baba. Nataka uende hospitali wakaliangalie jicho."

Nikamwambia ninayoyajua, ambayo si mengi. Kwamba huo huenda ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa, na wengi hurudi wakiona. Kwamba wanaweza kumwekea kioo kidogo mle mle ndani ya jicho. Akauliza kitavuta mara ngapi. Sikujua kama anatania.

Kisha akasema kilichokuwa kinamtisha. "Na wakikosea? Hiki kidogo kilichobaki, hiki cha kuona weupe, wakikizima?"

Ningeweza kumwambia hawatakosea. Ndivyo ninavyomwambia Sesi akienda kuchomwa sindano, haiumi, haiumi, wakati inauma. Lakini Baba sio Sesi.

"Sijui, Baba. Sina la kukuahidi. Nitakuwa nimekaa pembeni yako, hilo ndilo ninalojua."

Gari lake lilikuja. Akafungua vifungo, akanipa mtoto, akamfunika miguu kwa kuipapasa kwanza mmoja, kisha wa pili, kama anayehesabu. Nikamwambia Jumatatu nitakuja na gari la kwanza, nitamkuta nyumbani, twende wote mpaka hospitali ya mkoa. Alisema, "Msalimie Sesi." Akapanda. Konda alimshika kiwiko kumwonyesha ngazi, na Baba, ambaye hajawahi kukubali kushikwa, akakubali.

Hicho kiwiko ndicho ninachokiona tangu nirudi.

Nimempigia Baba Sesi, yuko safarini na lori la mahindi, nimemsimulia. Akasema, "Mama Sesi, umefanya vizuri." Halafu akaniuliza kama nimekula. Sijala.

Najiuliza mambo mengi nikiwa nimesimama hapa. Ningesema mapema, mwezi ule wa chai iliyomwagika, je, lile la kushoto lingekuwa limeanza? Sijui na sitajua. Nilikuwa nalinda heshima yake au nilikuwa najilinda mimi, nisije nikawa na baba mzee? Hili nalijua. Nilitaka kubaki na yule wa pale uani, mwenye manyoya kwenye ndevu, aliyewanyamazisha wamama wa mtaa mzima kwa sentensi moja. Ndiye yule yule. Ila sasa anahitaji nimwambie ngazi iko wapi.

Na kumwambia baba yako ngazi iko wapi bila kumfanya mtoto, hilo mgamboni hatukufundishwa.

Jumatatu Tekla nitakwenda naye, Sesi atabaki kwa jirani. Nimeshaandaa chupa ya uji wa ulezi na lile shuka zito, kwa sababu kusubiri pale kunaweza kuwa kwa siku nzima. Sijui kama nitamkuta. Baba akiogopa kitu huenda shambani, hata kama shambani hakuna kazi, na mwezi huu hakuna kazi. Anaweza kuondoka kabla hakujakucha ili nikute mlango umefungwa, na jioni aniambie alisahau.

Nikikuta umefungwa, nitamfuata huko huko. Nitakaa juu ya tuta karibu naye, nitamnyonyesha mtoto, sitamgombeza. Nitamsubiri mpaka achoke kuogopa, kisha tutaenda.